Bi. Mize na Karatasi Arobaini na Moja za Chole

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Mize Hafidhi Matano atakabidhi funguo za Dawati la Usuluhishi na kustaafu rasmi, akiwa ameutumikia Ushirika wetu wa Mazao ya Pwani kwa miaka thelathini na saba na miezi minne. Baadhi ya watumishi watakaosoma kijarida hiki walikuwa hawajazaliwa alipoajiriwa. Mwenyekiti wa bodi aliniomba niandike ukurasa mmoja tu. Nilimjibu kwamba ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza salamu zake za asubuhi, na yeyote anayemfahamu Bi. Mize hatanibishia.

Kwa wageni wetu: mimi ni Biubwa Mansuri, karani wa dawati hilo tangu mwaka 2006. Nimekaa meza moja na mama huyu miaka kumi na tisa. Nasifika kwa kusema sana, na yeye anasifika kwa kusikiliza, kwa hiyo tumeelewana vizuri.

Bi. Mize alizaliwa Baleni mwaka 1965, mtoto wa nne wa mkwezi wa minazi. Tarehe 1 Machi 1988 aliajiriwa kama mpiga chapa, enzi hizo Ushirika ukinunua mbata na nazi peke yake na mwani haujulikani kuwa ni zao. Mwenyekiti wa wakati huo, marehemu Mzee Sudi, alikuwa mtu mwema lakini hasira zake zilikuwa karibu. Kila alipokorofishana na mtu, alikimbilia kwa mpiga chapa na kumtajia barua nzima, matusi hayo! Bi. Mize aliitikia vizuri, akaandika kwa mkono kila neno, kisha akamwambia kwa masikitiko kwamba utepe wa mashine umekwisha na mpya utapatikana kesho. Kesho yake Mzee Sudi alirudi na barua iliyopungua nusu. Keshokutwa alisema basi, aachane nayo. Tulipohama jengo mwaka 2008 tulifungua kabati lake la zamani tukakuta maboksi kumi na moja ya utepe, hayajaguswa. Tulipomuuliza, alisema mashine ile ilikuwa na tabia zake.

Hivyo ndivyo usuluhishi ulivyoanza kwetu, kabla haujapewa jina. Mwani ulipoingia miaka ya tisini, kina mama wa Ghuba ya Chole wakaanza kulima, na ugomvi wa kamba na vigingi ukaja nao. Watu wakazoea kumfuata mpiga chapa kwenye benchi la barazani. Mwaka 2003 bodi ikaona aibu kumwacha barazani, ikampa chumba, meza na cheo: Msimamizi wa Dawati la Usuluhishi.

Utaratibu wake ni mmoja na hajaubadilisha. Pale mezani hakuna anayeanza na shitaka. Kwanza salamu, tena salamu kamili, mdogo ampe mkubwa shikamoo yake na mkubwa aitikie marahaba kwa sauti inayosikika, waulizane wazee, watoto, afya na shamba. Anayekataa kumsalimia mwenzake hagombezwi. Anamiminiwa chai na kuambiwa asubiri mpaka atakapojisikia. Ndugu wawili kutoka Jibondo, ambao kwa heshima siwataji, walikunywa vikombe sita kila mmoja. Walipofikia cha saba wakasalimiana kwa furaha kubwa ili wapate ruhusa ya kwenda msalani. Kesi yao iliyobaki ilichukua robo saa.

Sasa nije kwenye masomo, maana hapo ndipo palipokuwa na kazi. Alipata shahada ya kwanza kwa elimu ya masafa mwaka 2013, akisoma baada ya kazi na kabla ya alfajiri. Tulidhani yamekwisha. Mwaka 2015 bodi ikapitisha azimio kwamba kila dawati lisimamiwe na mtu mwenye shahada ya uzamili katika fani yake, na mwisho ukawekwa Desemba 2019. Dawati lisilotimiza lifungwe. Kwa dawati letu maana yake ilikuwa hivi: mama wa Chole aliyekatiwa kamba za mwani angelazimika kuvuka mpaka Utende, apande bodaboda mpaka mahakamani Kilindoni, apange foleni kati ya kesi za mirathi na za wizi, na siku nzima ya shamba imekwenda. Wengi wangenyamaza tu, na sote tunajua watu wanaonyamaza hivyo huja kulipuka siku gani. Dawati lile lilikuwa likisubiri cheti cha mtu mmoja.

Bi. Mize hakulalamika. Oktoba 2017, akiwa na miaka hamsini na miwili, alijiandikisha Dar es Salaam kusomea Shahada ya Uzamili ya Mawasiliano na Usimamizi wa Migogoro. Masomo yalikuwa ya wiki moja kila mwezi, kwa hiyo kila mwezi alipanda boti kwenda Nyamisati. Hapa nitoe siri inayochekesha kidogo: huyu binti wa kisiwani, mjukuu wa mabaharia, bahari haipatani naye kabisa. Boti haijaondoka bandarini, yeye ameshakata ndimu. Aliniambia kwamba katika shahada ile mitihani yote aliifaulu isipokuwa ule wa majini.

Darasani alikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote na kuliko walimu wawili. Katika zoezi la kwanza la majadiliano kila mwanafunzi alipewa dakika kumi za kupatanisha pande mbili za kuigiza. Bi. Mize alitumia dakika zote kumi kuwasalimia na kuwauliza hali. Mhadhiri, Dkt. Furaha, alimpa alama nne kati ya ishirini. Mwaka uliofuata Dkt. Furaha huyo huyo alimwomba afundishe kipindi kizima kuhusu salamu, na ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wa utafiti wake. Vijana walimpenda, na zaidi walipenda kasi na usafi wa vidole vyake katika kuchapa. Alikubali kuwachapia kazi zao ikiwa watamfundisha takwimu, nao wakamfundisha mpaka akawapita.

Septemba 2018 ukafika wakati wa utafiti. Alichagua jambo lililokuwa likimkereketa: kina mama wa mwani wa Chole na wavuvi wa dago. Dago ni kambi ya msimu, na hili lilikuwa la wavuvi ishirini na sita, wengi kutoka Kilwa, chini ya nahodha wao Taufiki, mtu mrefu, mpole, asiyependa kuambiwa jambo mara mbili. Pande hizi mbili zilikuwa zikihitajiana. Kina mama waliwauzia wavuvi maji, nazi na vitumbua, na wavuvi wakawauzia samaki wa kukaanga. Lakini nyavu zilipita kwenye kamba za mwani, na kamba nazo zilisogea njia ya mashua, na kila mmoja akimwona mwenzake ndiye mchokozi. Bi. Mize alitaka kujua habari hupotea wapi kati ya Chole na dago, mpaka jambo dogo likawa kubwa.

Chuo kilitaka kila atakayehojiwa atie sahihi kwenye fomu ya ridhaa. Ni fomu nzuri. Inasema kwamba mhojiwa amekubali kwa hiari yake, kwamba anaweza kukataa, na akikataa hakuna atakayemlaumu. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Basi tukavuka sisi wawili, yeye na daftari lake, mimi na fomu na pedi ya wino, na kwa siku mbili za bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, maji yalipokauka na kina mama wako shambani, tukarudi na karatasi arobaini na moja zenye madole arobaini na moja. Bi. Mize alizipanga kwenye mkoba kwa furaha kama mtu aliyenunua vyombo vipya.

Jamani, hapa kwetu dole gumba halitiwi ovyo. Kila ukoo una hadithi ya shamba au minazi iliyoondoka kwa sababu babu alibonyeza wino kwenye karatasi asiyoisoma. Dole likishatiwa, kuna kitu kimetoka kwa mtu kikaenda kwa mtu. Kwa hiyo tulipofika dago siku ya tatu, Nahodha Taufiki alitukaribisha chai vizuri kabisa, na nilipotoa pedi ya wino kambi nzima ikasimama. Walikuwa wameshasikia. Habari iliyofika kwao ni kwamba kina mama arobaini na mmoja wametia dole ili dago liondolewe ghubani, na sasa tumekuja kuwatia wao dole la kukubali kuondoka. Nahodha aliturudisha kwenye ngalawa yetu kwa adabu. Chai hatukuimaliza.

Kibaya zaidi, kina mama nao waliamini hivyo hivyo. Walijua ombi lao limeshapita. Katika siku mbili wakavuta kamba mpya mpaka kwenye mlango wa maji, pale mashua za dago zinapopita. Vitumbua vikakatwa, maji yakakatwa, samaki wakakatwa. Wavuvi wakaapa kwamba bamvua linalofuata watapitisha nyavu juu ya kamba zote, za zamani na mpya. Kwenye kalenda ya ofisini bamvua hilo lilikuwa limebakiza siku kumi. Sijapata kumwona Bi. Mize akikosa hamu ya chai isipokuwa wiki ile. Mtu aliyesomea mawasiliano alikuwa amewasha moto kwa fomu ya mawasiliano, na alijua kwamba watu wakiumizana pale majini, hakuna cheti duniani kitakachomrudisha kwenye meza ile.

Ijumaa ya tarehe 21 Septemba, baada ya sala, aliwaita wote kwenye pwani ya Chole wanaposhukia watu. Wavuvi walisimama upande mmoja na kina mama upande wa pili, na katikati mchanga mtupu. Salamu peke yake ilichukua nusu saa, maana hakukubali kuendelea mpaka kila upande uitikie salamu za mwenzake. Kisha akafungua mkoba. Akasema karatasi hizi si za kumwondoa mtu popote, ni za masomo yake yeye Mize. Akasema watu hawakuelezwa sawasawa, na kosa la kutowaeleza ni lake. Akaanza kuita jina moja moja na kumrudishia kila mtu dole lake.

Mnaelewa alikuwa akigawa nini? Ule ndio uliokuwa utafiti wake. Bila fomu zile, mahojiano yote ya kina mama hayakuwa na thamani mbele ya chuo, na yeye alikuwa na miezi kumi na mitano tu kabla ya dawati kufungwa. Aligawa hadi karibu na alasiri. Bi. Kijakazi, mkubwa wao, aliikunja ya kwake akaifunga kwenye pindo la kanga. Bi. Shufaa aliichana vipande vinne, kisha akaviokota vyote asiache hata kimoja mchangani.

Nahodha Taufiki akaomba aone moja. Akamwita kijana wake Dulla aliyesoma, akamwambia aisome kwa sauti. Dulla akaisoma mpaka pale palipoandikwa kwamba mtu anaweza kukataa na hakuna atakayemlaumu. Nahodha akauliza, kwa upole tu, kama maneno mazuri hivi yalikuwamo humu, ni nani aliyewazuia kuwaambia watu. Bi. Mize akarudia kwamba ni yeye.

Fatiha ikasomwa pale pale. Kesho yake kina mama wakatoa kamba kwenye mlango wa maji, na wavuvi wakaleta maboya meupe ya kuonyesha mpaka wa mashamba. Bamvua likaja likapita, na vitumbua vikarudi dago. Maboya hayo yapo mpaka leo, yakichakaa wanayabadilisha wenyewe, na hakuna kesi hata moja ya mpaka ule iliyofika mezani kwetu tangu hapo.

Chuo nacho kilikuwa na taratibu zake. Dkt. Furaha alimpigia simu akamwambia kwa huruma kwamba hapo alipo hana utafiti, ama aanze upya ama aahirishe mwaka. Alianza upya. Safari hii hakutaka wino wala karatasi. Aliandikia kamati ya chuo akiomba ridhaa itolewe kwa mdomo, mbele ya shahidi ambaye mhojiwa mwenyewe amemchagua, baada ya fomu kusomwa yote. Kamati ikakataa. Akaandika tena, ikakataa tena. Barua ya tatu aliichapa siku ambayo mimi ningeichapa kwa matusi, na ilikuwa na adabu kuliko mbili za kwanza. Wakakubali. Miezi saba akawa anavuka kwenda Chole na dago, ndimu mkononi, akisikiliza. Nahodha Taufiki alihojiwa mara tatu na mara zote shahidi aliyemchagua alikuwa Bi. Kijakazi.

Oktoba 2019 aliitetea tasnifu yake mbele ya watahini wanne. Mmoja alimuuliza kosa kubwa la utafiti wake lilikuwa lipi. Alijibu kwamba ni haraka ya mtafiti. Akafaulu kwa daraja la juu. Novemba akavaa joho, na Desemba bodi ikathibitisha kwamba Dawati la Usuluhishi litaendelea. Tangu hapo limesikiliza mashauri mia nne na kumi na mawili, na mashauri tisa tu ndiyo yaliyokwenda mahakamani. Vyama viwili kutoka wilaya za jirani vimekuja kujifunza hapa, na wote wamerudi kwao wakinywesha watu chai.

Ningeweza kukomea hapo, na ukurasa wa mwenyekiti ungekuwa umezidi vya kutosha. Lakini tasnifu ile niliijalidi mimi. Katika ukurasa wa sitini na tatu kuna sentensi isemayo: Kosa la kutoeleza fomu kwa usahihi lilikuwa la mtafiti. Sentensi hiyo si kweli, na anayejua kwamba si kweli ni mimi.

Siku ile ya pili shambani Bi. Mize alikuwa mbali, amesimama na Bi. Kijakazi, maji magotini, akimsikiliza. Mimi nilikuwa na kina mama waliobaki, wengi wao. Jua kali, maji yameanza kurudi, nao wananiuliza karatasi hii ni ya nini. Nikaona uvivu kuisoma. Nikawaambia watie dole upesi, hizi ndizo zitakazotutolea wale watu wa dago. Nilisema kwa utani, nikacheka, wakacheka. Wakatia dole kwa foleni, na waliotia jana yake wakaambiwa hivyo hivyo njiani kurudi nyumbani. Wino haujakauka, maneno yangu yameshafika upande wa pili wa ghuba.

Bi. Shufaa ndiye aliyemweleza Bi. Mize, wiki ile ile. Akaniita. Nilikuwa nimeshakusanya vitu vyangu mezani, nikijua kazi sina. Aliniuliza nilisema nini hasa, neno kwa neno. Nikamwambia. Akasema Ijumaa nitambebea mkoba. Nikasimama nyuma yake pale pwani karatasi zote arobaini na moja zikigawiwa, na nahodha alipouliza ni nani aliyewazuia kuwaambia watu, nilikuwa na jibu mdomoni, mimi ninayejisifu kwa kusema, na sikulitoa. Nilitamani mchanga unimeze. Alisema ni yeye. Akasema vile kwa kina mama, kwa wavuvi, kwa bodi, kwa Dkt. Furaha na kwa watahini wanne. Akapoteza mwaka wa kazi, ikabaki kidogo apoteze dawati, na hakunikumbusha hata siku moja.

Mwezi uliopita bodi ilinichagua nishike dawati kuanzia Julai mosi, nami niko mwaka wa kwanza wa shahada ile ile. Siku hiyo nikapiga moyo konde nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Alisema jambo lile lilikuwa langu kulisema, na kwamba hakutaka kunichukulia. Nimelia sana. Miaka saba kasoro alikuwa akinisubiri, kama alivyowasubiri wale ndugu wa Jibondo, na kila asubuhi akinimiminia chai.

Basi ninalisema. Kina mama wa Chole, mimi ndiye niliyewadanganya, nisameheni. Nahodha Taufiki, uliuliza swali na jibu lake ni Biubwa. Waheshimiwa wajumbe wa bodi, kama baada ya kusoma haya mtaona kiti kile kikaliwe na mwingine, sitagombana na mtu na sitawaandikia barua.

Dada Mize, shikamoo. Ushirika mzima unakushukuru kwa kazi ya miaka thelathini na saba, na sisi uliotupatanisha tunakuombea kwa Mwenyezi Mungu afya, wajukuu watiifu na miaka mingi ya kukaa nchi kavu. Kapumzike Baleni, ule ushibe, ulale mchana bila kugongewa mlango. Kwa kina mama na wavuvi wale usiwe na wasiwasi. Ijumaa hii, baada ya sala, ninavuka kwenda Chole, na safari hii nitakayesema ni mimi.